Kusajili kikundi kipya cha imani: mwongozo kamili wa nchi mbalimbali, kuanzia makaratasi mpaka rufaa

Swali linaloulizwa sana kuhusu imani mpya ni hili: je, nchi fulani inaitambua hii dini au haiitambui? Ukitaka jibu la ndio au hapana utapotea, kwa sababu kutambuliwa sio kitu kimoja, ni vitu vitano sita tofauti, na kila kimoja kina ofisi yake na sheria yake, na unaweza ukapewa kimoja ukanyimwa kingine ndani ya nchi ileile. Watu wengi wanahangaika miaka kwa sababu waliomba kitu ambacho hata hawakukihitaji, au walibisha hodi ofisi ambayo sio yake.

Huu mwongozo ni kwa viongozi wa vikundi vidogo, yani kanisa lililojitenga juzi, jumuiya ya Kirasta, watu wa imani iliyotoka nje na haina tawi kwenu, na pia kwa Waswahili walioko ughaibuni wanaosali sebuleni kwa mtu na sasa wanataka kukodi ukumbi kwa jina la kikundi. Na kama wewe ni mzazi au ndugu una mtu wako kaingia kwenye kikundi usichokielewa, soma tu, kuna sehemu yako pia.

Hatua ya 1: Andika unataka kutambuliwa kwa lipi

Chukua karatasi kabisa, usifanye kichwani. Je, mnataka tu kukutana kusali bila polisi kuja? Mnataka kuwa mtu kisheria, ili muwe na akaunti benki kwa jina la kikundi na kiwanja kisiandikwe jina la mchungaji? Mnataka msamaha wa kodi? Mnataka kiongozi wenu afungishe ndoa zinazokubalika? Au mnataka watoto wenu wasisumbuliwe shule kwa sababu ya mavazi, nywele, au siku ya ibada?

Hayo yote ni milango tofauti. Ona mfano wa Uingereza, ambao mimi nauona ndo unaofundisha kuliko yote. Kanisa la Scientology, dini mpya iliyoanzia Marekani, liliomba kusajiliwa kama taasisi ya hisani huko England na Wales, na mwaka 1999 tume inayohusika, Charity Commission, ikakataa. Watu wakasema basi, imekwisha, Uingereza haiwatambui. Lakini Desemba 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo ikaamua kwamba kanisa lao la pale katikati ya London ni mahali pa ibada kwa maana ya sheria ya 1855, kwa hiyo binti aliyetaka kufungia ndoa yake pale aruhusiwe. Mahakama ikasema dini haiwezi kubanwa kwenye kumwabudu Mungu mmoja tu, ikatupilia mbali tafsiri ya zamani ya 1970. Sasa wanatambuliwa au hawatambuliwi? Kwa ndoa ndio. Kwa hisani, uamuzi wa 1999 ni kitu kingine. Yule binti alijua anachotaka, akaomba hicho tu, akakipata.

Na wakati mwingine huhitaji cheti chochote. Kenya, Septemba 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na katiba, na binti aliyefukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake arudi darasani. Kilichomrudisha ni Ibara ya 32 ya katiba, ambayo inamlinda mtu mmoja mmoja, awe na kikundi chenye cheti au hana. Kwa hiyo kama shida yenu ni ya shule au kazini, njia yenu ni ya haki za binadamu, usianze kukimbizana na Msajili.

Hatua ya 2: Jua nchi yako iko kundi gani

Kuna nchi ambazo serikali haina daftari la dini kabisa. Marekani ndo mfano mkubwa. Hakuna wizara ya dini, hakuna msajili wa makanisa, na marekebisho ya kwanza ya katiba yao yanamzuia mtawala kupendelea au kuzuia dini. Mwaka 1944, kwenye kesi ya Ballard iliyohusu kikundi kipya cha wakati ule, Mahakama ya Juu yao ilisema majaji hawana ruhusa ya kupima kama imani ya mtu ni ya kweli au ya uongo, wanaweza kupima tu kama anaiamini kwa dhati. Mwaka 1965, kesi ya Seeger ya mtu aliyekataa kwenda jeshini, wakasogea zaidi, kwamba imani inayoshika nafasi ileile ambayo Mungu anaishika kwa muumini wa kawaida inatosha kwa ile sheria ya jeshi. Kwa hiyo pale vita yote inahamia kwenye kodi. Mamlaka ya kodi, IRS, ndiyo inayogeuka kuwa mlinda mlango. Scientology walinyang'anywa msamaha wa kodi 1967 na wakapambana mpaka Oktoba 1993 ndo wakarudishiwa. Miaka 26 ya kugombana na ofisi ya kodi, wala sio na wizara ya dini.

Kundi la pili ni nchi ambazo dini inasajiliwa kama jumuiya nyingine yoyote. Tanzania na Kenya tuko hapa, nitazieleza kwa urefu mbele.

Kundi la tatu ni nchi za ngazi, na hapa Ulaya wamejaa. Ujerumani ngazi ya chini ni rahisi sana, watu 7 wanaanzisha chama kilichosajiliwa na mnaendelea na maisha. Ngazi ya juu ni kuwa shirika la sheria ya umma, hadhi iliyotoka kwenye katiba ya Weimar ya 1919 na ikahamishiwa kwenye katiba ya sasa, na ukiwa nayo unaweza hata kukusanya kodi ya kanisa kutoka kwa waumini wako. Hiyo inatolewa na majimbo, na lazima uonyeshe kwamba kwa idadi yenu na mpangilio wenu mtadumu. Mashahidi wa Yehova waliomba huko Berlin baada ya ukuta kuanguka, wakakataliwa, Mahakama ya Katiba ikasema mwaka 2000 kwamba dini haitakiwi kuonyesha uaminifu wa ziada kwa dola, inatosha itii sheria, na Berlin ikawapa hadhi 2006. Ahmadiyya walipata kwenye jimbo la Hessen mwaka 2013, wakiwa jumuiya ya kwanza ya Kiislamu kupata hadhi hiyo Ujerumani.

Austria ni kali zaidi. Sheria yao ya 1998 iliweka ngazi ya kwanza kwa kikundi chenye watu 300, na ngazi ya juu kwa kikundi chenye watu wawili kwa kila elfu ya wananchi wote, ambayo siku hizi ni kama elfu kumi na nane hivi, na juu ya hapo kuna miaka ya kusubiri. Italia nako kuna dini zenye mkataba na serikali na zisizo nao, Soka Gakkai ya Kijapani ilipata wa kwake, umeanza kutumika 2016. Hispania wana daftari la wizara na juu yake kuna hadhi ya imani yenye mizizi nchini, Wamormoni waliipata 2003.

Halafu kuna kundi la orodha iliyofungwa. China inatambua dini tano tu, Ubudha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti, na kila moja ina chama chake kinachosimamiwa na serikali. Falun Gong, kikundi cha kiroho cha mazoezi na kutafakari, walipigwa marufuku Julai 1999 na mpaka leo mtu anaweza kufungwa kwa ajili hiyo. Kama uko China kikazi au kimasomo na una kikundi, ushauri wangu ni mmoja tu: usifanye kitu chochote cha hadharani kabla hujaongea na mwanasheria wa hukohuko.

Hatua ya 3: Andika imani yenu kwenye karatasi kabla ya fomu yoyote

Hatua hii watu wanairuka na ndiyo inayowaangusha. Wanajua wanachoamini, wanaweza kukihubiri usiku kucha, ila ukiwaambia wakiandike kurasa tatu wanakwama. Ofisa anayepokea faili lako hajawahi kuhudhuria ibada yenu, anachokijua ni karatasi.

Linganisha kesi mbili za Charity Commission ya England na Wales. Mwaka 2010 walikubali mtandao wa Wadruidi, watu wanaoheshimu maumbile na roho za asili, imani ambayo wengi waliidharau. Mwaka 2016 wakakataa hekalu la Jedi, imani iliyotokana na filamu maarufu za anga za juu. Tofauti haikuwa ipi inachekesha. Sheria yao ya 2011 inasema wazi dini inaweza kuwa na miungu wengi au isiwe na mungu kabisa. Tume iliangalia kama kuna mafundisho yanayoshikamana, kama kuna ibada, kama kuna maadili yanayofundishwa, na kama jamii nzima inanufaika. Upande mmoja walivionyesha, upande mwingine tume ilisema mambo yamelegea mno, kila mtu anachukua anachotaka.

Australia nako, mwaka 1983, Mahakama Kuu kwenye kesi ya kodi ilitoa kipimo chepesi kukumbuka: imani katika kitu kilicho juu ya maumbile, halafu kanuni za mwenendo zinazotokana na imani hiyo. Mahakama za nchi nyingine wamekinukuu mara nyingi.

Kwa hiyo andika haya: tunaamini nini, tunaabuduje na lini, maadili yetu ni yapi, nani anaongoza na anapatikanaje, mtu anaingiaje na ANATOKAJE. Hilo la kutoka naliandika kwa herufi kubwa makusudi. Kikundi ambacho hakina namna ya mtu kuondoka kwa amani kitatiliwa shaka kila nchi, na kwa kweli kinastahili kutiliwa shaka. Ukitaka orodha ndefu zaidi, IRS ya Marekani ina vigezo 14 inavyoviangalia kujua kama kitu ni kanisa: kuwepo kisheria, kanuni ya imani, namna ya ibada, uongozi, historia, waumini wasio wa kanisa lingine, wahudumu waliowekwa wakfu, maandiko, mahali pa kudumu, ibada za mara kwa mara, mafundisho ya watoto na kadhalika. Hawadai uwe navyo vyote, ila ni kioo kizuri cha kujiangalia hata kama unasajili Mbeya au Kisumu.

Hatua ya 4: Faili lenyewe, Tanzania

Ibara ya 19 ya katiba yetu inasema kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, ila yote hayo bila kuathiri sheria za nchi. Hapo kwenye sheria za nchi ndipo inaingia Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na Msajili wa Jumuiya aliyeko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kuamini peke yako hakuhitaji kibali, kikundi kinachofanya kazi kama jumuiya kinatakiwa kisajiliwe.

Mnahitaji waanzilishi wasiopungua 10, majina na sahihi zao. Mnahitaji katiba ya maandishi, muhtasari wa kikao kilichopitisha katiba na kuchagua viongozi, wasifu na picha za viongozi, na barua ya utambulisho kutoka kwa Mkuu wa Wilaya. Kikundi cha Kiislamu bara kinatakiwa kiwe na barua ya BAKWATA, yani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na hapa ndipo vikundi vyenye msimamo tofauti na BAKWATA vinapokwama, ni jambo linalolalamikiwa miaka mingi na mimi naona malalamiko hayo yana msingi, huwezi kumwambia mtu aombe baraka kwa yule aliyetofautiana naye. Wakristo nao huambiwa walete barua ya dhehebu lililosajiliwa kama wako chini yake.

Zanzibar ni mambo mengine kabisa, msajili wake ni wake na sheria yake ni yake, na kikundi cha Kiislamu kinapita kwa Mufti. Usajili wa bara usiufikirie kwamba unavuka bahari.

Anzeni wilayani. Msikimbilie wizarani na faili ambalo Mkuu wa Wilaya hajaliona, mtarudishwa. Mwende watu wawili watatu, mmoja awe mzee anayejulikana mtaani, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe ameshawafahamu mapema kwa sababu ndiye atakayeulizwa. Makelele ya spika usiku yameharibu mafaili mengi kuliko mafundisho ya ajabu, nawaambia ukweli.

Mkishapata cheti kazi haijaisha. Kiwanja na majengo vinataka Bodi ya Wadhamini, hiyo inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sura ya 318, ofisi nyingine, fomu nyingine. Ndoa: kiongozi wenu aombe leseni ya kufungisha ndoa, nayo ni RITA, na bila hiyo mtapiga picha nzuri na cheti hakuna. Kodi: TRA, mamlaka ya mapato, ambako Kamishna anatoa uamuzi wa maandishi kama mnahesabika taasisi ya hisani au la, na biashara mtakayofungua kuendesha kikundi ina hesabu zake za kodi peke yake. Mnaona sasa kwa nini nilisema muandike mnachotaka kwanza.

Hatua ya 5: Kenya, na kwa nini hali pale ni nzito sasa

Kenya wana Societies Act, Sura ya 108, na Msajili wa Vyama yuko chini ya Mwanasheria Mkuu. Watu 10 tena, katiba, muhtasari, nakala za vitambulisho na PIN za KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) za viongozi, jina lisilofanana na la kikundi kingine. Karatasi ni hizohizo ila mazingira sio hayo.

Novemba 2014 usajili wa makanisa mapya ulisimamishwa. Januari 2016 serikali ikaleta rasimu ya kanuni za jumuiya za dini, wachungaji wawe na cheti cha theolojia na kadhalika, wakubwa wa dini zote wakapinga kwa sauti moja, ikaondolewa. Halafu ikaja 2023, Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu, wengi wakiwa watoto. Rais akaunda jopo, ripoti ikatolewa 2024, na tangu hapo mjadala wa sheria mpya ya dini haujatulia. Kabla hujawasilisha kitu chochote muulize wakili wa Kenya hali ya sheria wiki hiyo, sio mwaka jana.

Kuna kesi moja ya Kenya ambayo kila kikundi kidogo kinatakiwa kuijua. Chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Februari 2016, Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa baada ya viongozi wa makanisa kulalamika, wakaenda Mahakama Kuu, na 2018 mahakama ikafuta kule kusimamishwa kwa sababu hawakupewa nafasi ya kujieleza. Hawakushinda kwa kuthibitisha kwamba hakuna Mungu. Walishinda kwa sababu ya UTARATIBU, na hiyo ndo silaha yenu kubwa.

Majirani wengine, kwa ufupi

Uganda vikundi vingi vipya vinasajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, kama kampuni isiyogawa faida, halafu wanaomba kibali cha kufanya kazi Wizara ya Mambo ya Ndani. Madhehebu makubwa ya zamani kwa kawaida hawaulizwi hivyo vitu, jambo ambalo sio haki ila ndo hali.

Rwanda jiandaeni kisawasawa. Sheria ya 2018 inasimamiwa na RGB, bodi ya utawala ya Rwanda, na inataka mhubiri mwenye madaraka ya usimamizi awe na shahada ya mambo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha elimu ya dini. Walipewa miaka mitano kujipanga, ikaisha 2023. Na majengo yanakaguliwa, choo, maegesho, kuzuia sauti. Zaidi ya makanisa 700 yalifungwa Kigali mwaka 2018, na 2024 wakafunga maelfu nchi nzima. Mkienda na jengo la mabati na turubai mtafungiwa tu. Burundi sheria ya 2014 inataka idadi kubwa, waumini 300 kwa dini ya Kirundi na 500 kwa iliyotoka nje.

Kongo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiko kuna historia inayowatia moyo watu wa imani ndogo. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya Nkamba mwaka 1921, miezi michache tu, Wabelgiji wakamkamata, wakamhukumu kifo, ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Miaka 30 ndani. Wafuasi wake walihamishwa huku na kule, na kule walikohamishiwa wakaeneza imani. Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru, serikali ileile ya kikoloni ikalitambua kanisa lake, na 1969 likaingia Baraza la Makanisa Duniani. Mwaka 1971 sheria ya Mobutu ikabakiza makanisa matatu tu ya Kikristo yenye kutambuliwa, Wakatoliki, umoja wa Waprotestanti, na Wakimbangu. Yani kikundi kilichofungwa jela kikawa mmoja wa watatu, na vikundi vingine vipya vikalazimika kujibana chini ya mwavuli wa Waprotestanti au kufungwa. Siku hizi Kongo inatumika sheria ya 2001 ya mashirika yasiyo ya faida, ambayo ndani yake zimo dini, na hadhi ya kisheria inatolewa na Waziri wa Sheria.

Walioko ughaibuni

Uingereza (England na Wales), mapato yakifika pauni 5,000 kwa mwaka mnatakiwa msajili kama taasisi ya hisani, kabla ya hapo katiba yenu na akaunti vinatosha. Marekani, sajilini shirika lisilo la faida kwenye jimbo, chukueni namba ya kodi, na kanisa halilazimiki hata kujaza fomu ya kuomba msamaha wa kodi, linahesabika kuwa nao moja kwa moja likitimiza masharti, ila wengi wanajaza ili wanaotoa sadaka wasiulizwe maswali. Ufaransa kuna chama cha kawaida cha sheria ya 1901 na chama cha ibada cha sheria ya 1905, chenye nafuu za kodi ila kinatakiwa kifanye ibada tu. Na Ufaransa mjue kuna ofisi ya serikali, MIVILUDES, iliyoanza 2002 kufuatilia vikundi vinavyodhuru watu, na sheria ya 2001 ya kuadhibu anayetumia udhaifu wa mtu. Msifundishe mtu kuacha dawa au kukata ndugu zake, hata kwa mzaha wa mimbari.

Kwa ndugu zetu walioko Oman na Qatar, wengi wakiwa wafanyakazi wa majumbani: kikundi kisichokuwa cha Kiislamu kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na ibada ifanyike mahali palipotengwa na serikali. Kukusanyika nyumbani kwa mtu ni hatari ya kweli, na kumhubiria Mwislamu aache dini yake ni kosa la jinai. Tafuteni kanisa lililokwisha sajiliwa muombe saa ya ibada ndani ya uwanja wao, watu wengi wa lugha nyingi wanafanya hivyo kwa amani kabisa.

Hatua ya 6: Mkikataliwa

Ombeni sababu kwa MAANDISHI. Jibu la mdomo la dirishani sio uamuzi, huwezi kulikatia rufaa. Barua ikija, angalieni tarehe, kwa sababu siku za rufaa zinaanza kuhesabika. Kenya ni Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Tanzania rufaa inaenda kwa Waziri, na Mahakama Kuu ina uwezo wa kupitia kama maofisa walifuata sheria. Tunzeni kila risiti, kila mhuri wa kupokelewa, kila barua.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo hapa Arusha, lakini Tanzania iliondoa mwaka 2019 lile tamko linaloruhusu mtu kwenda moja kwa moja, Rwanda iliondoa 2016, na Kenya haijawahi kulitoa, kwa hiyo msipange safari ya huko kama mpango wenu wa kwanza. Ulaya mambo ni tofauti, Mashahidi wa Yehova waliomba Austria mwaka 1978, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, ikawapa haki Julai 2008, wakatambuliwa 2009. Ni muda mrefu mno, naelewa, ila muda wote huo waliendelea kusali, na ngazi ya chini walishaipata 1998. Chukueni ngazi mnayopewa huku mnadai inayofuata.

Na msichanganye imani na tendo. Afrika Kusini mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ilikubali kabisa kwamba Urastafari ni dini, na bado ikakataa kuwaruhusu bangi ya ibada. Ilibidi wasubiri 2018, na hapo waliruhusiwa watu wazima wote kuitumia faraghani, kwa hoja ya faragha. Kama dai lenu ni la tendo lililokatazwa, tafuteni hoja ambayo haitegemei dini peke yake.

Hatua ya 7: Kukilinda cheti

Pelekeni taarifa za mwaka na ada kwa wakati. Kiongozi akibadilika, ripotini. Mgogoro wa uongozi ukianza, umalizeni kwa katiba yenu, kwa sababu pande mbili zikienda kwa msajili kila mmoja na muhtasari wake, faili linasimama. Na mjue cheti kinafutika. Juni 2025 Msajili wa Tanzania alifuta usajili wa Kanisa la Ufufuo na Uzima kwa maelezo kwamba mahubiri yamegeuka siasa, na majengo yakafungwa palepale, waumini wakabaki nje. Muwe na maoni yoyote, ila muwe na mpango wa siku hiyo: nani ana nyaraka, nani anaongea na wakili.

Japani inaonyesha vizuri nini kinakufa cheti kikifutwa. Aum Shinrikyo walisajiliwa kama shirika la dini 1989, Machi 1995 wakapuliza sumu ya sarin kwenye treni za Tokyo, na mwaka huohuo mahakama ikalivunja shirika. Likapoteza mali na nafuu za kodi, lakini kuamini hakukufutwa, waliobaki wakaendelea kwa jina lingine chini ya uangalizi wa sheria ya 1999. Machi 2025 mahakama ya wilaya ya Tokyo ikaamuru Kanisa la Muungano (Unification Church, lililoanzia Korea) nalo livunjwe kwa sababu ya namna lilivyochangisha watu pesa, na hapo hakukuwa na hukumu ya jinai, yalikuwa madai ya kawaida ya watu waliofilisika. Viongozi wanaopenda kuwabana waumini sadaka wasome kesi hiyo mara mbili. Urusi ni upande mwingine kabisa, Aprili 2017 Mahakama ya Juu iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova nchi nzima, na huko kukutana kusoma Biblia sebuleni kumewapeleka watu jela. Huo ni uonevu mtupu.

Kwa wazazi na ndugu sasa. Mkiona cheti ukutani, hicho cheti kinasema tu kwamba watu kumi walileta katiba na ada. Aum walikuwa nacho. Kile kikundi cha Kanungu, Uganda, ambacho mamia ya watu waliteketea Machi 2000, kilikuwa kimesajiliwa. Kwa hiyo msiulize kama wamesajiliwa, ulizeni kama mtoto wenu anaruhusiwa kupiga simu nyumbani, kama anakwenda hospitali akiumwa, kama aliwahi kuona mtu ameondoka na akasalimiwa vizuri, na kama mali aliyotoa ameandikiwa risiti. Jibu likiwa baya, nendeni polisi na ustawi wa jamii na kosa lenyewe, kumnyima mtoto chakula, kumfungia mtu, kumdhulumu. Hayo ni makosa kwa dini yoyote, mpya au ya zamani, yenye cheti au isiyo nacho, na hamhitaji kusubiri Msajili aamue chochote.